Kuongeza nafasi ya mizigo kwenye pikipiki: keria ya kuchomelea, hatua kwa hatua

Kila wiki hapa Tabora lazima nisimamishwe na dogo mmoja au wawili, kanunua Boxer au TVS juzi tu, na swali ni lile lile: kaka hiyo keria yako ulitengenezaje, inabeba ndoo ngapi, fundi alikutoza shilingi ngapi. Nimejibu nikiwa juani, nimejibu nikiwa nakula, nimejibu kwa simu usiku. Sasa naandika yote hapa, atakayeuliza namtumia hii, akimaliza kusoma ndo aniulize yaliyobaki.

Mimi nabeba asali. Natoa vijijini huko Sikonge na Ulyankulu naleta mjini, msimu ukiisha nabeba chochote, trei za mayai, maboksi ya biskuti, vifaranga, hata godoro. Kwahiyo mifano yangu mingi ni ya ndoo za asali, wewe unayebeba mkaa au soda utageuza hesabu mwenyewe.

Keria yangu ya kwanza ilikuwa ujinga mtupu. Nilimwambia fundi nataka ndefu, akanipa ndefu kweli, kama kitanda cha mtoto, imetoka nyuma ya taa karibu hatua nzima. Nikapakia ndoo tatu za lita 20 mstari mmoja, nikaona mi ndo mjanja kuliko wote. Huko ndani ndani Ulyankulu kuna korongo la mchanga, unashuka afu unapanda. Wakati wa kupanda nikahisi usukani umekuwa mwepesi kama wa baiskeli ya mtoto, nakata kushoto pikipiki inaenda mbele tu, afu nikaona tairi la mbele liko usawa wa macho yangu. Tulilala wote. Ndoo ya mwisho ilipasuka mfuniko, asali ikaanza kutoka taratibu ikijikunja juu ya mchanga, inang'aa, na kabla sijavua helmeti nyuki wa kwanza ameshatua, wa pili, afu wakaja kijiji kizima. Kuna mzee alikuwa anapita na jembe, akasimama mbali akasema, "Mwanangu, waache tu, wamekuja kuchukua chao."

Kosa langu halikuwa nafasi, nafasi nilikuwa nayo ya kumwaga. Kosa ni pale nilipoiweka. Hilo ndo jambo moja ninalotaka ulishike kabla hujanunua hata futi moja ya chuma: unapoongeza keria unahamisha uzito, na pikipiki inajali uzito umekaa wapi kuliko inavyojali ni mkubwa kiasi gani.

HESABU NDOGO, USIIRUKE

Hii ndo nadharia pekee humu ndani. Chukua futi kamba, pima kutoka katikati ya ringi ya mbele mpaka katikati ya ringi ya nyuma. Tuseme umepata sentimita 130. Sasa chochote utakachokiweka nyuma ya ekseli ya nyuma kinafanya kazi kama mtoto aliyekaa upande mmoja wa bembea ya ubao, kinainua upande wa pili, yaani tairi la mbele.

Ndoo ya lita 20 ya asali ni kilo 28, maana lita moja ya asali ina kama kilo moja na gramu 400. Weka na ndoo yenyewe, sema 29. Ndoo mbili ni kilo 58. Zikikaa sentimita 60 nyuma ya ekseli, unazidisha 58 mara 60 unagawa kwa 130, unapata karibu kilo 27. Hizo ni kilo 27 zimeondoka kwenye tairi lako la mbele, lile la kukatia kona na lenye breki yako ya maana. Ndoo hizo hizo ukizisogeza zikae sentimita 5 mbele ya ekseli, tairi la mbele linaongezewa kilo 2. Ndoo ni zile zile, barabara ile ile.

Watu wa ndege ndogo wanalijua hili siku nyingi, ndo maana wanakupima na begi lako afu wanakwambia ukae siti gani. Sisi wa bodaboda tunapakia tu afu tunasema Mungu mkubwa.

Na uzito wenyewe? Mimi natumia sheria moja rahisi. Pikipiki ilitengenezwa ibebe wewe na abiria mmoja. Kwahiyo keria PAMOJA na mzigo visizidi uzito wa abiria mmoja mtu mzima, sema kilo 70. Keria yenyewe ina kilo 9, zinabaki 61, ndoo mbili za asali zinaingia, ya tatu haiingii. Na ukishapakia hivyo hakuna abiria, hata kama ni shangazi yako na mvua imeanza. Halafu soma kitabu cha pikipiki yako, kikikwambia pungufu ya hapo, fuata kitabu.

VITU VYA KUWA NAVYO KABLA YA KUANZA

Bomba la mraba la inchi moja, geji 16 (huo ndo unene wa chuma chake), urefu mmoja wa mita 6 unatosha. Usidanganywe na nondo. Najua nondo ni rahisi na kila site ina vipande vimebaki, lakini ni nzito, na nyingi zikishachomelewa zinakuwa ngumu pale pembeni ya weldi afu zinakatika kama biskuti baada ya miezi ya mashimo. Bomba ni jepesi na linahimili zaidi kwa uzito ule ule.

Flati ba, yaani chuma bapa, ya inchi moja, mita 3 hivi, ya kutandika sakafu ya keria na kutengeneza masikio ya kufungia. Bolti za milimita 8 zenye nati za nailoni, zile zina plastiki ndani zisizofunguka kwa mtikisiko, na washa za kutosha. Rangi ya kuzuia kutu na rangi ya juu. Kipande cha bati cha kukinga joto la ekzosi. Spana namba 10, 12, 13, 14 na 17. Futi kamba, chaki, boksi la karatasi gumu. Ndoo na dumu TUPU za saizi ileile unayobeba, hizi muhimu kuliko unavyodhani.

Na mizani. Ile ya kukanyagia ya kupimia magunia. Kama kijijini kwenu kuna chama cha msingi cha tumbaku basi mizani ipo, nenda wakati sio msimu uongee vizuri na mtunza stoo. Au kwa mnunuzi wa asali, au kwa muuza vyuma chakavu. Mizani ya bafuni inaweza kusaidia kwa tairi la mbele pikipiki ikiwa tupu, ila usije ukaikanyagia na mzigo ukaivunja ya watu.

Fundi wa kuchomelea ni wa kumlipa, isipokuwa we mwenyewe ni fundi. Kazi yako ni kumpa vipimo na kumsimamia.

HATUA

1. Pima pikipiki ikiwa tupu. Weka tairi la mbele juu ya mizani, la nyuma weka juu ya mbao au tofali zenye kimo sawa na mizani ili pikipiki isilale mbele wala nyuma. Kaa juu, miguu kwenye sehemu za kukanyagia, mtu akushikilie kidogo tu asiibebe. Andika namba. Sasa apande na abiria mtu mzima akae kawaida, andika namba ya pili. Hii namba ya pili ndo mpaka wako, iandike mahali isipopotea, mi niliiandika kwa maka chini ya siti. Siku ukimaliza keria na kupakia mzigo, tairi la mbele lisiwe na uzito pungufu ya hapo.

2. Tafuta pikipiki yenyewe inataka kushikwa wapi. Toa siti, toa keria ndogo iliyokuja nayo. Utaona matundu ya bolti pale nyuma kwenye fremu, hayo ni ya kwako. Chini utaona kile chuma kinachoshika sehemu ya kukanyagia abiria, kimefungwa kwenye fremu, hapo pia ni pazuri. Ukiwa na sehemu nne za juu na mbili za chini umemaliza, huna haja ya kuchomelea kitu kwenye fremu. Usichomelee kwenye fremu. Narudia hilo maana kuna mafundi wanaona kufunga bolti ni kupoteza muda, wanataka wabandike moto pale pale, na fremu ikishapata joto mahali pasipotakiwa ndo inaanzia kupasuka hapo.

Kosa ninaloliona kila siku: mguu wa keria umefungwa chini kwenye ekseli ya nyuma au kwenye ule mkono unaobeba tairi. Jamani. Ule mkono unapanda na kushuka na shokapu, fremu iko palepale. Ukiviunganisha viwili hivyo kwa chuma, aidha shokapu zinaacha kufanya kazi unapanda kama uko juu ya punda, au kitu kinakatika. Keria yote, juu mpaka chini, ifungwe kwenye fremu tu.

3. Jenga ya boksi kwanza. Hapa usione aibu. Kata boksi gumu upate umbo la sakafu ya keria, lilaze juu ya nusu ya nyuma ya siti, weka ndoo zako tupu juu yake, kaa kwenye siti uone mgongo unagusa au la. Vipimo vyangu: sakafu urefu sentimita 60, upana 35, ambapo sentimita 35 ziko mbele ya ekseli ya nyuma na 25 ziko nyuma. Ili ujue ekseli iko wapi kwa juu, ning'iniza uzi wenye nati mwishoni, uache ushuke mpaka ulenge katikati ya ringi, piga chaki juu. Ndoo mbili za lita 20 zinakaa mstari mmoja hapo, maana kila moja ina kama sentimita 30, na katikati ya mzigo wote inaangukia mbele kidogo ya ekseli. Ndo tunachotaka.

Utaniambia siti ya abiria imekufa. Ndiyo imekufa. Ndo maana keria ni ya bolti, siku ya abiria unaitoa, dakika 15 kwa aliyezoea.

4. Amua kama unataka mabawa ya pembeni. Haya ni vitanda viwili vidogo vinaning'inia kushoto na kulia chini ya usawa wa siti. Faida yake ni kubwa, mzigo mzito unakaa chini na pikipiki hailaliki ovyo kwenye mchanga. Mi siku hizi vizito vyote naweka pembeni na juu naweka vyepesi, mayai au maboksi. Ila angalia upana. Ndoo ya lita 20 kila upande, jumlisha unene wa pikipiki katikati, unakuwa mpana kuliko usukani, na jicho lako limezoea kupitisha usukani, kwahiyo kwenye mlango wa uzio au ukipishana na ng'ombe unasikia tu paa. Dumu la lita 20 ukiligeuza upande mwembamba utazame nje linaingia vizuri zaidi. Lakini asali kwenye dumu, hapana, ikiganda humo utalipasua dumu kwa panga ndo utoe. Kwa asali tumia ndoo za lita 10, mbili kila upande, moja mbele ya nyingine. Hizo nne ni lita 40 zile zile, na wewe unapita popote usukani unapopita.

5. Kata na uchomelee MEZANI, mbali na pikipiki. Fundi apige nukta nukta kwanza kwenye kila pembe, afu ipelekwe kwenye pikipiki ijaribiwe na bolti zake zote, ikikubali ndo irudi mezani ichomelewe kamili. Ukiruka hapa chuma kinajikunja kwa joto, matundu yanakosana kwa milimita 5, fundi anachukua nyundo, na keria iliyoingizwa kwa nyundo inaivuta fremu siku zote.

Ikilazimika kabisa kugusa moto karibu na pikipiki, toa betri, toa tanki la mafuta lipelekwe mbali, chomoa CDI (kile kiboksi cha umeme wa plagi), na waya wa asi wa mashine ya kuchomelea ubanwe kwenye kipande kile kile kinachochomelewa, karibu. Asi ikibanwa kwenye ringi ya nyuma, umeme unapita kwenye beringi na cheni, unazila bila wewe kujua.

6. Miguu ya mshazari. Kutoka ukingo wa nyuma wa keria, teremsha bomba moja kila upande mpaka pale kwenye chuma cha kukanyagia abiria. Imekaa kama pembetatu ukiitazama kwa ubavu. Bila hiyo mshazari keria inabebwa na bolti nne za juu peke yake na kila shimo inachezacheza kama mkia. Mwisho wa bomba usibondwe ukawa bapa afu ukatobolewa, hapo ndo huwa panakatika kwanza, weka sikio la flati ba lichomelewe vizuri pande zote.

7. Hakikisha nafasi tatu kabla ya rangi. Ya kwanza ni ya ekzosi, acha upana wa kiganja kati ya ekzosi na chochote cha plastiki, na katikati weka lile bati, lisiguse ekzosi lenyewe. Kuna jamaa alifika mjini na dumu la mawese limetoboka tundu dogo kama la sindano, toka alikotoka kapaka barabara mafuta, akashangaa mbwa wanamfuata. Nafasi ya pili ni ya tairi la nyuma, kalisheni watu wawili wazito mchezeshe shokapu mpaka mwisho, tairi lisiguse chuma. Ya tatu ni kisigino chako, ukishusha mguu kusimama usigonge ndoo, na gia na breki ya mguu uzifikie bila kujikunja.

Na hapo hapo angalia taa ya nyuma, indiketa na namba. Vikifichwa na keria, visogeze nyuma kwa kipande cha flati ba na urefushe waya. Trafiki akikusimamisha kwa taa isiyoonekana hajakuonea.

8. Saga ncha zote, paka rangi ya kutu mara mbili, afu rangi ya juu. Ziba midomo ya mabomba iliyo wazi kwa kuchomelea kipande, maji ya mvua yakiingia humo chuma kinaoza toka ndani na nje kinang'aa. Toboa kitundu kidogo upande wa chini ili unyevu utoke.

9. Funga. Bolti zote ziingie kwanza kwa mkono bila kukaza, zote. Afu ndo unakaza moja moja kwa kukingamisha, ya kushoto mbele na ya kulia nyuma, mpaka zimalizike. Washa kila upande. Nati ya nailoni ukishaifungua mara kadhaa inalegea, badilisha, ni shilingi chache.

10. Rekebisha pikipiki ifanane na kazi mpya. Shokapu za nyuma zina ile ringi ya kuzungusha yenye ngazi, pandisha ngazi sawa pande ZOTE mbili. Upepo wa tairi la nyuma jaza ile namba ya abiria iliyoandikwa kwenye kitabu, sio ya kuwa peke yako. Cheni ipime mzigo ukiwa juu, maana nyuma ikishuka cheni inabadilika kukaza, cheni uliyoiweka sawa ikiwa tupu inaweza kuwa kamba ya gitaa ukipakia. Taa ya mbele ishushe kidogo, la sivyo usiku unamulika miembe na kuwapofusha wenzako.

11. Rudi kwenye mizani. Pakia mzigo wako wa kweli, kaa juu, soma tairi la mbele. Linganisha na ile namba ya pili ya hatua ya kwanza. Ni sawa au zaidi? Endelea. Ni pungufu? Mzigo uko nyuma mno, usijidanganye, sogeza mbele au hamishia pembeni upime tena. Usilete habari ya kwamba we una uzoefu.

12. Jaribu kwa mchanga, sio kwa asali ya watu. Dumu la maji lina kilo 20 tu, asali 28, kwahiyo maji peke yake yanakudanganya, tumia mchanga na upime kilo zifike. Ukitumia maji jaza mpaka juu, ndoo iliyojaa nusu inacheza na kukusukuma kwenye kona. Zunguka kwanza mahali pa wazi, funga breki taratibu, funga ghafla, kata kona pande zote, vuka reli. Kilomita 20 za kwanza simama kaza bolti zote upya, utashangaa ngapi zimezunguka.

KUFUNGA MZIGO

Mipira ya tyubu bado ndo mfalme, lakini mpira unavutika, na mzigo mzito ukiruka kwenye shimo mpira unauachia uruke afu unaurudisha kwa kishindo. Mi nafunga kamba ya katani kwanza kuzuia ndoo isiende popote, afu mpira juu yake kuibana. Mfuniko wa ndoo uwekewe karatasi ya nailoni chini yake. Pembeni lazima kushoto na kulia ziwe sawa, na ukishusha ndoo moja njiani, hamisha iliyobaki uiweke juu katikati, usiseme ni karibu.

Wakati wa kupakia tumia stendi kubwa ya katikati, sio ya pembeni, na kwenye mchanga wetu huu weka kipande cha ubao chini la sivyo stendi inazama na unaiona pikipiki inakuinamia polepole huku mikono yako imeshika ndoo. Anza na vya chini, maliza na vya juu. Kushusha ni kinyume.

IKILETA SHIDA

Usukani unatetemeka ukifika kasi fulani. Mara nyingi uzito uko nyuma au juu mno, rudi hatua ya 11. Kama mizani inasema sawa, angalia upepo wa matairi, afu beringi za usukani, afu spoki zilizolegea. Kwa wakati ule ukiwa barabarani usifunge breki kwa hasira, achia mafuta taratibu ushike usukani bila kuukaba.

Inavuta upande mmoja. Pakua yote, jaribu tupu. Ikiacha, ni mizigo haiko sawa, pima kila upande usikadirie kwa mkono, ndoo zilizojazwa na watu wawili tofauti hazilingani kamwe. Ikiendelea kuvuta tupu, tazama alama za kukaza cheni kule nyuma, kushoto na kulia zisome sawa.

Weldi imepasuka. Usichomelee juu ya ufa ukaondoka. Ufa unakwambia kitu kinacheza. Tafuta bolti iliyolegea au mguu wa mshazari usio na kazi, tengeneza hicho, afu saga ufa wote mpaka uishe ndo uchomelee upya.

Spoki za nyuma zinakatika moja moja. Unabeba zaidi ya unavyosema. Hili sina maneno mengine.

Kuna mlio wa kitu kugonga kwenye mashimo. Tairi linagusa keria au shokapu zimefika mwisho. Tafuta sehemu iliyong'aa bila rangi chini ya sakafu, hapo ndo inapogonga. Shokapu ikiwa na mafuta ya kuvuja mwilini imeshakufa, badilisha mbili kwa pamoja.

Taa ya nyuma inaungua balbu kila mara. Waya ulioongezea unagusa chuma au keria inatikisika sana. Pitisha waya ndani ya tyubu ya plastiki, ubane kwenye bomba kwa zipu, na pale taa ilipofungwa weka kipande cha mpira wa tyubu katikati.

Nyuki au sisimizi wanakufuata stendi hata ukiwa hujabeba kitu. Hii inawapata wa asali tu. Kuna asali imeingia chini ya flati ba, pale inapokutana na bomba, maji baridi hayaitoi kirahisi. Chemsha maji, mwagia, sugua kwa mswaki wa zamani, afu anika juani keria ikiwa imetolewa. Mi hufanya kila Jumapili jioni, na ndo wakati huohuo nakagua weldi.